Pua imeziba? Chunga hiyo chupa ndogo mfukoni

ILIKUWA saa nane usiku mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi ile ya kukufanya ulale na jaketi. Nilikuwa natembea Kayole na slipasi, kofia imefika kwenye nyusi, natafuta duka la dawa lililo wazi. Nyumbani hakukuwa na mgonjwa. Hakuna mtu alikuwa amekatwa wala kuungua. Nilikuwa natafuta dawa ya pua, ile ya chupa ndogo inayojificha kwenye kiganja, kwa sababu yangu ilikuwa imeisha na hewa haikuwa inapita hata kidogo.

Soja mmoja wa geti alinimulika tochi.

"Kijana, unatafuta nini saa hii?"

"Dawa, mzee."

Akaniangalia macho, akaniangalia pua inayovuja, akatingisha kichwa. Najua alifikiria nini. Na maze, hakuwa amekosea sana. Kwa miezi mitano nilikuwa nimeshikwa na chupa ya mililita 10.

Nimeamua kuandika hii kwa sababu baridi imeingia, kila matatu unayopanda kuna mtu anapiga chafya, na najua kuna msomaji ana chupa kama ile yangu chini ya mto. Sitaki kukutisha. Nataka tuelewane ni kitu gani husaidia pua, ni kipi hukudanganya tu, na ni kipi kinaweza kukuacha vibaya kuliko ulivyoanza.

'Mama' iligeuka 'baba'

Yangu ilianza Februari, na mafua ya kawaida tu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu hapo nakula kwa kuandika na kwa kurekodi sauti za matangazo ya wafanyabiashara wadogo, wale wa viatu, mitumba na keki mtandaoni. Sauti ndiyo jembe langu.

Sasa jaribu kitu. Bana pua kwa vidole viwili halafu sema "mama". Umesikia? Imetoka "baba". Sauti ya M na ya N hupitia puani, kwa hivyo pua ikifungwa, zinageuka. Mteja wangu mmoja alikuwa anauza nguo za akina mama wajawazito. Nilimtumia rekodi asubuhi, akanijibu baada ya dakika tano: "Nani alikwambia baba hushika mimba?" Alitaka kazi irudiwe kabla ya jioni au arudishiwe pesa yake. Pesa yenyewe ilikuwa ishaenda kwa kodi ya nyumba.

Nilikimbia duka la dawa la mtaani. Mhudumu hakuniuliza hata swali moja. Alinifungia tembe za homa, kapsuli za antibayotiki za siku tano, na hiyo chupa ndogo. "Weka matone mawili kila upande," akasema, akageukia mteja mwingine. Hakuniambia niweke kwa siku ngapi. Na mimi, kusema ukweli, ile karatasi ya ndani ya boksi niliitupa hapo hapo mlangoni.

Nilifika keja, nikalala chali, nikatia matone. Dakika chache tu na ilikuwa kama mtu amefungua dirisha ndani ya kichwa. Nilirekodi upya, mteja akaridhika, nikalala fofofo. Kuanzia siku hiyo, nikawa na rafiki mfukoni.

Pua haizibwi na kamasi pekee

Hapa ndipo wengi wetu hukosea, mimi nikiwa wa kwanza. Tunafikiri pua ikiziba ni kama mtaro umejaa takataka, kwa hivyo kazi ni kuzibua. Tunapenga na kupenga mpaka masikio yanalia, na bado hewa haipiti.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kuziba ni uvimbe. Ndani ya pua, kila upande, kuna vinyama laini vilivyojaa mishipa midogo ya damu. Kazi yao ni kupasha moto hewa unayovuta, kuitia unyevu na kunasa vumbi. Virusi vya mafua vikiingia, au vumbi likikuchokoza, mwili hupeleka damu nyingi pale, vinyama vinavimba, na njia inakuwa nyembamba. Kamasi huongezea tu tatizo ambalo tayari lipo. Ndiyo maana unaweza kupenga na kitambaa kitoke kikavu, na bado pua imefungwa.

Kuna jambo lingine nililoambiwa nikashangaa. Hata ukiwa mzima kabisa, matundu mawili ya pua hayafanyi kazi sawa. Moja huvimba kidogo huku lingine likiwa wazi, halafu baada ya saa kadhaa yanabadilishana zamu. Ukilala kwa ubavu, tundu la chini ndilo huziba zaidi. Kwa hivyo ukiamka usiku upande mmoja umefunga, mara nyingi si ugonjwa. Geuka tu, ulale upande wa pili.

Mafua yenyewe huletwa na virusi, na kuna aina zaidi ya 200 za virusi vinavyoweza kuyaleta. Kwa watu wengi huisha yenyewe ndani ya siku saba hadi kumi. Hakuna dawa ya dukani inayoua virusi hivyo. Zote tunazonunua ni za kutuliza dalili mpaka mwili umalize vita vyake.

Na zile kapsuli za antibiotiki nilizouziwa? Hazikuwa na kazi yoyote. Antibiotiki huua bakteria, haziui virusi. Hata kamasi ikiwa ya kijani, hiyo peke yake si ushahidi kwamba una bakteria. Rangi hiyo hutoka kwa chembe za damu nyeupe zinazopigana kwa niaba yako. Kumeza antibiotiki kila unapopiga chafya ni kuwafundisha bakteria jinsi ya kuzizoea dawa, na siku utakapozihitaji kikweli, zitakukataa.

Chupa inapogeuka bosi

Turudi kwa rafiki yangu wa mfukoni. Dawa iliyo ndani ya hizi chupa mara nyingi ni zailometazolini, ambayo jina lake kwenye boksi huanza na herufi X, au binamu yake oksimetazolini, inayoanza na O. Zote hufanya kazi moja: hukaza ile mishipa midogo ya damu ndani ya pua. Damu inapungua, uvimbe unashuka, hewa inapita. Na zinafanya kazi kweli, si hadithi. Kwa mtu mwenye mafua makali ambaye hajalala, ni msaada mkubwa.

Shida ni muda. Karatasi ya ndani ya boksi huweka kikomo cha siku chache, kwa kawaida zisizozidi saba, na madaktari wengi hupendelea uache kati ya siku ya tatu na ya tano. Ukipitisha hapo, ile mishipa inaanza kuzoea kukazwa. Dawa ikiisha nguvu, mishipa inapanuka kuliko mwanzo na pua inavimba zaidi. Unatia tena. Inafunguka kwa muda mfupi zaidi, halafu inafunga kwa nguvu zaidi. Unatia tena.

Mafua yangu ya Februari yalipona Februari. Mimi sikujua. Kufikia Machi nilikuwa natia matone asubuhi na usiku. Kufikia Mei ilikuwa kila baada ya saa tatu. Nilikuwa na chupa moja kitandani, moja kwenye begi, na moja kwa rafiki yangu Umoja ninakoenda kurekodi. Nikipanda matatu kwenda tao, kitu cha kwanza kukagua si simu, ni chupa. Kila wiki chupa mpya, shilingi mia mbili na kitu. Ukipiga hesabu ya miezi mitano, hiyo ni maikrofoni niliyokuwa nikiitamani.

Sikuwahi kujiita mraibu. Mraibu ni mtu wa pombe au wa miraa, si wa dawa ya pua! Lakini usiku ule wa Julai, nikitembea Kayole na slipasi saa nane, niliogopa kidogo.

Duka nililolipata wazi lilikuwa la mama mmoja mfamasia, cheti chake kimetundikwa ukutani nyuma yake. Nilimwomba chupa. Hakuichukua kwenye rafu. Aliniuliza:

"Kijana wangu, hii umetumia kwa muda gani?"

"Kitambo kidogo, daktari."

"Kitambo kidogo ni siku ngapi?"

Nilipomwambia tangu Februari, alivua miwani. "Basi huna mafua," akasema. "Una dawa. Hii chupa ndiyo inakuziba sasa."

Nilitaka kubishana naye. Nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nimejua siku nyingi na sikutaka kusikia.

Dawa za nyumbani: ipi ni kweli?

Mama yangu yuko Kitale, na kila nikimpigia na pua imefunga alikuwa ananikejeli kwamba mimi huita "baba" na baba yangu hayuko karibu. Halafu anauliza swali lake la kudumu: "Umejifukiza?"

Wakati wa korona mwaka wa 2020, ploti yetu yote ilinuka mkaratusi. Kila jioni watu walikuwa wamefunikwa na blanketi juu ya sufuria. Je, kujifukiza kunasaidia? Mvuke hulainisha kamasi na kukupa nafuu ya muda mfupi, hilo ni sawa. Lakini hauui virusi, na utafiti haujaonyesha kwamba hufanya mafua yaishe haraka. Hatari yake ni ya kweli zaidi: sufuria ya maji yaliyochemka, blanketi, chumba kidogo, mtoto anayecheza. Mtu akigusa sufuria ile kwa goti, maji yote yanaishia mapajani. Watoto ndio huungua zaidi. Ukitaka mvuke, weka bakuli mezani mahali palipo thabiti, acha maji yapoe kidogo, kaa mbali nayo kiasi, na usimfunike mtoto kamwe. Au oga maji moto na uvute mvuke humo bafuni. Ni salama zaidi.

Robb, Vicks na jamaa zao. Hapa nitawavunja moyo kidogo. Mentholi iliyo ndani yake haifungui pua. Huamsha neva za pua zinazohisi baridi, ubongo unadhani hewa nyingi inapita, wakati uvimbe uko pale pale. Si jambo baya, kwani ukihisi nafuu unaweza kupata usingizi, na usingizi ndio unaoponya. Lakini jipake kifuani na shingoni, si ndani ya tundu la pua. Na tafadhali, wale akina mama na mashangazi wanaompaka mtoto mchanga Robb puani, waambieni waache. Dawa hizi zenye mentholi na kafuri si za mtoto wa chini ya miaka miwili, na kafuri ikimezwa ni sumu.

Kuna "dawa" yenyewe, ile ya tangawizi, limau na asali ambayo sasa mikahawa ya tao inatuuzia kwa bei ya chakula cha mchana. Mwaka wa 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff kule Wales waliwapa watu 30 wenye mafua kinywaji cha matunda, kikiwa moto na kikiwa baridi kiasi cha hewa ya chumbani. Walipopima hewa inayopita puani, haikuwa imeongezeka. Lakini wale waliokunywa cha moto walisema wanahisi nafuu: kamasi inayotiririka, kikohozi, chafya, koo, hata uchovu na baridi mwilini. Kwa hivyo shosho hakuwa anakudanganya. Chemsha tangawizi yako kejani, kamua limau, acha ipoe kidogo ndipo uweke asali, unywe. Ila mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kuwa na vimelea ambavyo tumbo lake haliwezi kuvidhibiti.

Halafu kuna chumvi. Hii ndiyo niliyoidharau zaidi na ndiyo iliyonisaidia zaidi. Maji ya chumvi huosha kamasi, vumbi na vichokozi, na hulainisha pua iliyokauka. Ni rahisi na hayakufanyi mtumwa. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha weka nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja cha mililita 250. Inamia sinki, geuza kichwa upande, pumua kwa mdomo, na utumie bomba la sindano lisilo na sindano au chupa safi ya kubana kuyapitisha tundu la juu mpaka yatokee la chini. Siku ya kwanza utahisi kama unazama kwenye kidimbwi cha kuogelea. Siku ya tatu utazoea.

Jambo moja tu usilifanyie mchezo: maji lazima yachemshwe. Usitumie ya mfereji moja kwa moja, wala ya tangi, wala ya yule jamaa wa mkokoteni. Kuna amiba wa maji baridi, Naegleria fowleri, asiye na madhara ukimmeza, lakini akiingia puani anaweza kufika kwenye ubongo na kuua. Ni nadra sana, lakini kuchemsha maji ni kazi ya dakika. Wataalamu husema yatokote kwa dakika moja kamili, na dakika tatu ukiwa sehemu za juu kupita mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa sababu huko maji hutokota kabla hayajawa moto sana. Nairobi hatujafika hapo, lakini watu wa Eldoret, Nyahururu na Limuru, hesabuni dakika tatu. Na hiyo chupa ioshwe na ikaushwe kila mara.

Kwenye rafu ya duka la dawa

Sasa tuingie dukani, tukiwa tumejua tunachotafuta.

Tembe za homa. Zile pakiti za tembe za mchanganyiko huwa na dawa mbili, tatu au nne ndani ya tembe moja. Karibu zote zina parasetamoli. Tatizo linakuja ukimeza tembe mbili za homa, halafu kichwa kikiuma unaongeza parasetamoli ya kawaida juu yake, halafu usiku unakunywa ile ya unga ya maji moto, ambayo pia ina parasetamoli. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni gramu nne kwa saa 24, yaani tembe nane za miligramu 500. Ukizidisha, ini ndilo litalipa, na ini halipigi kelele mapema. Soma boksi kabla ya kuchanganya, na kama unakunywa pombe sana, muulize mfamasia kwanza.

Nyingi za tembe hizo pia zina fenilefrini, inayowekwa ili kufungua pua. Mnamo Septemba 2023, jopo la washauri wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani lilipitia ushahidi na kusema kwamba fenilefrini ya kumeza, kwa kipimo kinachouzwa dukani, haifungui pua. Novemba 2024, mamlaka yenyewe ikapendekeza iondolewe kwenye orodha ya dawa zinazokubalika kwa kazi hiyo. Hawakusema ni sumu, walisema haifanyi kazi ikimezwa. Kwa hivyo ukimeza tembe ya homa ukahisi afadhali, shukuru parasetamoli.

Pseudoefedrini, kwa upande wake, hufanya kazi, lakini hupandisha shinikizo la damu, huendesha moyo mbio na kunyima usingizi. Mtu mwenye presha au ugonjwa wa moyo asiiguse bila kuongea na daktari.

Piriton, ambayo kila nyumba Kenya inayo kwenye droo, ni ya mzio. Husaidia kama pua yako inawasha, macho yanatoa machozi na unapiga chafya mfululizo kwa sababu ya vumbi, manyoya ya paka au ule mto wa zamani. Hukausha kamasi kidogo, lakini si ya kufungua pua iliyovimba kwa mafua. Na inaleta usingizi mzito. Ndugu zangu wa bodaboda, msimeze Piriton asubuhi halafu mkapande pikipiki. Kuna dawa mpya zaidi za mzio, kama setirizini na loratadini, ambazo hazilewi usingizi kiasi hicho, ingawa setirizini bado huwalaza wengine.

Na ile chupa ndogo? Sisemi uitupe. Ina kazi yake: usiku wa pili wa mafua makali, au safari ya ndege masikio yakiuma. Nasema ihesabu. Siku ya kwanza unapoifungua, chukua kalamu na uandike tarehe juu ya boksi. Siku ya tatu ikipita na unapumua, weka kando. Ya tano ikifika na bado pua haifunguki, nenda ukaonwe badala ya kuongeza matone. Isitumiwe na watu wawili, kwani ncha yake hugusa kamasi. Watoto wa chini ya miaka sita wasipewe bila daktari, na mama mjamzito aulize kwanza.

Nilivyoiacha

Yule mama mfamasia hakuniuzia chupa usiku ule. Aliniuzia chumvi ya pua iliyo tayari na kunielekeza niende kliniki asubuhi. Afisa wa kliniki alinimulika puani, akauliza maswali, akaniandikia dawa ya kupuliza yenye steroidi. Hii ni tofauti kabisa na ile ya kukaza mishipa. Haifungui pua papo hapo. Hushusha uvimbe polepole kwa siku na wiki, na haileti ule mzunguko wa kutia na kutia. Alinifundisha pia kuipuliza: mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, wa kushoto kwa la kulia, ncha ielekee upande wa sikio, si ule ukuta wa katikati, na usivute kwa nguvu mpaka ifike kooni.

Kuhusu kuacha yale matone, alinipa njia mbili. Kuacha yote siku moja, au kuacha tundu moja kwanza huku lingine likiendelea kusaidika. Nilichagua ya pili, kwa sababu nilikuwa na kazi za kurekodi na kodi haingojei pua.

Nikaanza na tundu la kushoto. Usiku wa kwanza lilifunga kama saruji. Nililala nikiwa nimeinua kichwa kwa mito miwili, upande wa kulia ukinibeba. Usiku wa pili nilikaa kitandani saa tisa nikiitazama chupa. Chupa na mimi. Nilikuwa nimemwahidi jirani yangu wa mlango wa pili kwamba nikishindwa nitampelekea soda, na jamaa anapenda soda. Niliamka nikachemsha maji ya chumvi badala yake. Siku ya nne hewa kidogo ilianza kupita, nyembamba kama ya mrija. Baada ya wiki moja na nusu, tundu la kushoto lilikuwa linapumua lenyewe, bila dawa, kwa mara ya kwanza tangu Februari. Ndipo nikaanza la kulia. Hilo lilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa naamini inawezekana.

Si kila mtu atapita njia hii kwa siku hizo hizo. Kuna wanaohitaji muda zaidi, na kuna ambao kumbe pua ilikuwa na shida nyingine tangu mwanzo: mzio, mfupa wa katikati uliopinda, au vinyama vilivyoota. Ndiyo maana kuonwa ni muhimu.

Usikae nyumbani ukiona haya

Mafua yakipita siku kumi bila dalili ya kupungua, au yakipungua halafu yakarudi kwa nguvu na homa, nenda hospitali. Vilevile uso ukiuma sana, jicho likivimba au ukianza kuona vibaya, shingo ikikakamaa, au ukishindwa kupumua vizuri kifuani. Kamasi ikitoka upande mmoja tu, ina damu au inanuka, onwa. Kwa mtoto mdogo, upande mmoja kunuka mara nyingi ni ushanga, punje ya haragwe au kipande cha sponji alichojitia mwenyewe. Na mtoto mchanga akishindwa kunyonya kwa sababu pua imeziba, usingoje kesho.

Mimi sasa niko sawa. Chupa ya mwisho bado ninayo, tupu, imekaa kando ya maikrofoni kama ukumbusho. Juzi nilimpigia mama jioni, nikamsalimia kama kawaida. Akanyamaza kidogo, nikafikiri laini imekatika.

"Leo umeniita mama," akasema. "Ulijifukiza?"

Nikamwambia ndiyo. Ya chumvi nitamweleza nikifika Kitale.